Kwa nini makumbusho huhifadhi samaki wengi wa aina moja?

Swali kutoka kwa msomaji wa Lamu:

"Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni kijana wa Lamu na baba yangu ni mvuvi wa malema na mshipi. Nilipokuwa Nairobi nilibahatika kuingizwa katika stoo ya makumbusho, nikaona rafu kwa rafu za chupa zenye samaki. Nilishangaa kukuta tafi na changu wengi sana, samaki wale wale ambao baba huwaleta nyumbani, tena wote wamekuwa weupe hata rangi zao hazijulikani. Kuna faida gani kuwaweka wengi hivyo, ilhali picha moja nzuri ingemwonyesha samaki vizuri zaidi? Na kwa nini rangi zinapotea?"

Jibu:

Waalaykumu salaam, mwanangu. Swali lako huulizwa pia na watu wazima wenye mamlaka juu ya fedha za makumbusho, na kila anayeliuliza anastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Nitaanza na rangi, kwa sababu ukishaelewa kinachomfika samaki ndani ya chupa utaelewa pia kile ambacho chupa inaweza kukihifadhi na kile isichoweza.

Samaki akishakufa, vimeng'enya vya tumbo lake mwenyewe huanza kuyeyusha nyama iliyo karibu, na bakteria hufuata njia hiyo hiyo. Ndiyo maana katika joto la pwani samaki ambaye hakutumbuliwa huharibika tumboni kwanza. Wazee wetu walilijua hilo wakatengeneza ng'onda: samaki hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, maji humtoka, na uozo hukosa pa kushika. Ng'onda ni hifadhi nzuri kwa chungu, lakini kwa mpimaji ni hasara, kwa kuwa mwili hujikunja, mapezi huvunjika, magamba hupukutika, na matumbo yalikwisha kutupwa tangu mwanzo. Makumbusho yanahitaji mwili ubaki na umbo lake lote, nje na ndani, na kwa hiyo hutumia njia ya hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni fomalini. Fomalini kali huchanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, na kazi yake ni kuzifunga protini za mwili zishikamane, hata vimeng'enya visiweze kuzimega wala bakteria wasiweze kuzila. Ngozi na magamba huichelewesha dawa kuingia, kwa hiyo samaki mwenye ukubwa wa kutosha huchomwa sindano tumboni na kwenye misuli minene, au hukatwa mpasuo mdogo upande wa kulia. Asipofanyiwa hivyo atakuwa mgumu kwa nje huku ndani anaoza. Mapezi hutandazwa na kubanwa kwa pini wakati dawa inashika, kwa maana yakikauka yamefungwa hayafunguki tena bila kukatika. Fomalini ikikaa huzidi kuwa na asidi, na asidi hula mifupa pamoja na vile vijiwe vidogo vilivyomo ndani ya sikio la samaki, ndiyo sababu huongezwa boraksi ya kuituliza. Samaki mdogo hukaa humo siku chache, mkubwa majuma kadhaa.

Hatua ya pili ni kumwosha kwa maji na kumhamishia polepole kwenye spiriti, yaani ethanoli, kuanzia ile iliyozimuliwa sana hadi kufikia kiasi cha asilimia 70. Spiriti iliyo safi kabisa humnyonya maji mpaka akasinyaa na kuwa mkavu wa kuvunjika, na iliyo hafifu mno huruhusu uozo urudi. Samaki hahitaji kuachwa ndani ya fomalini maisha yake yote, na wala watu wanaofanya kazi stoo hawastahili kuivuta kila siku, kwa sababu imethibitika kuwa husababisha saratani. Nalisema hili mapema ili wewe na wenzako msijaribu kuitumia nyumbani au shuleni bila mtaalamu, glavu na chumba chenye hewa.

Sasa rangi zenyewe. Wekundu na umanjano wa samaki hutokana zaidi na karotenoidi, ambazo samaki huzipata katika chakula chake. Hizi huyeyuka katika mafuta na katika spiriti pia, kwa hiyo hutoka ngozini taratibu na kuingia majini; hiyo ni sababu mojawapo ya zile chupa ambazo maji yake huwa ya manjano au ya kahawia. Buluu na mng'aro wa fedha kwa sehemu kubwa si wino uliopakwa, bali ni mwanga unaorudishwa na fuwele nyembamba sana zilizopangwa ndani ya seli za ngozi, na mpangilio huo ukivurugika mng'aro nao huondoka. Kinachodumu ni weusi, yaani melanini, na ndiyo maana ukimwangalia kwa makini changu aliyekaa chupani miaka 80 utaona bado ana lile doa jeusi ubavuni kama ni wa aina yenye doa, au mistari yake ya kiza kama ni wa aina yenye mistari.

Kwa hiyo mtaalamu wa samaki amezoea kuyategemea mambo yasiyofifia: idadi ya miiba na miale ya mapezi, idadi ya magamba kando ya mstari wa ubavuni, umbo la meno, nafasi ya jicho. Baba yako anamjua tafi kwa miiba yake, na bila shaka amekwisha kuchomwa nayo. Ukiihesabu utakuta 13 mgongoni, 7 kwenye pezi la chini nyuma ya njia ya haja, na katika kila pezi la tumboni miwili, mmoja kila upande. Hesabu hii ni ya jamii nzima ya tafi, na haipo kwa samaki wengine, kwa hiyo hata kipande cha tafi aliyepauka kabisa hakiwezi kumpotea anayejua kuhesabu. Lakini hapo hapo pana udhaifu ambao sitauficha: kwa kuwa tafi wote wana hesabu moja, kutenganisha aina moja na nyingine mara nyingi hutegemea rangi ya samaki aliye hai au aliyetoka majini punde. Katika jambo hilo nakubaliana nawe kwamba picha ni lazima, na mkusanyaji makini siku hizi hapeleki samaki kwenye fomalini kabla ya kumpiga picha upande wa kushoto, mapezi yakiwa wazi na kipimo kikiwa kando yake. Kisha upande wa kulia ndio hukatwa na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba, ili ule wa kushoto ubaki mzima.

Ila picha hujibu maswali ambayo mpigaji alikuwa nayo siku ile tu. Huwezi kuifungua picha tumbo uone samaki alikula nini, wala kuhesabu mayai yake, wala kupitisha mionzi uone mifupa ya uti wa mgongo, wala kulitoa jiwe la sikio ukalikata na kusoma pete zake ili ujue umri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani waliwafungua samaki wa ghuba ya Puget Sound waliohifadhiwa tangu mwaka 1880, wakahesabu minyoo na vimelea wengine waliokuwa ndani yao, na mwaka 2023 wakachapisha kwamba vimelea wengi wanaohitaji kuhama kutoka mnyama mmoja hadi mwingine katika maisha yao wamepungua kadiri maji yalivyopata joto. Aliyemtia yule samaki wa 1880 chupani hakuwa na habari yoyote ya mabadiliko ya tabianchi, na wala hakumhifadhi kwa ajili ya minyoo. Kama angeacha mchoro peke yake, swali hilo lisingeweza kuulizwa kabisa.

Tukija kwenye wingi, ambao ndio uliokushangaza, nakuomba umfikirie pono kwanza. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike wenye rangi ya kahawia au kijivu, kisha baadhi yao hugeuka madume wenye kijani na buluu kali. Wataalamu wa zamani waliopata samaki mmoja mmoja waliwapa majike jina moja la kisayansi na madume jina jingine, wakidhani ni aina mbili, na makosa hayo yalikuja kusahihishwa pale tu walipopatikana samaki wa kutosha wa kila ukubwa, wakapasuliwa na kuonekana waliokuwa katikati ya kugeuka. Chewa, au tewa kama tunavyomwita sisi wa huku, naye katika aina nyingi huanza jike na kuishia dume. Samaki mmoja hawezi kuyaeleza hayo hata akiwa amehifadhiwa kwa ustadi namna gani.

Tafi nao si wale wale kama ulivyowaona. Wa mwezi wa Januari, wakati wa kaskazi, anaweza kuwa amejaa mayai, na wa mwezi wa Agosti, kusi inapovuma, akawa mtupu. Utafiti uliofanywa katika pwani ya Kenya umeonyesha kwamba tafi wetu wa kawaida ana misimu maalumu ya kutaga, jambo ambalo lisingejulikana bila kuwachunguza samaki wa kila mwezi. Wa Kiwayu anaweza kutofautiana na wa Watamu, na wa mwaka 1970 anaweza kuwa alikuwa mkubwa zaidi alipokomaa kuliko wa leo. Kwa hiyo ukiona chupa 20 za tafi, usihesabu tafi 20. Hesabu mahali 20 na siku 20, ambazo hakuna kati yake inayoweza kurudiwa.

Hapa ndipo ilipo thamani yenyewe, na ndiyo sababu nasema pasipo kusita kwamba ile karatasi ndogo uliyoiona ndani ya chupa ina uzito sawa na samaki. Huandikwa mahali alipovuliwa, tarehe, kina, zana iliyomvua, jina la aliyemkusanya na namba inayoiunganisha chupa na daftari la makumbusho. Huwekwa ndani kwa sababu lebo ya nje hubanduka, huliwa na mende au hufutika kwa spiriti inayomwagika. Karatasi yake ni ya nyuzi za pamba, na wino wake ni ule mweusi wa kaboni usioyeyuka, au ni penseli; kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya spiriti kwa muda mfupi na kuacha karatasi tupu. Samaki aliyepoteza lebo yake anaweza kumfaa mwalimu anayefundisha umbo la mapezi, lakini kwa utafiti wa bahari ameshakufa mara ya pili, na hakuna mashine itakayoweza kumwuliza alitoka wapi.

Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na sehemu kubwa ikafa, ya Malindi na ya Kiunga yakiwemo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia kwa sababu ya ujenzi wa bandari mpya, na gati ya kwanza ya bandari hiyo ikaanza kazi mwaka 2021. Katika mambo yote mawili swali la msingi ni moja: kulikuwa na samaki gani, wa ukubwa gani, mahali gani, kabla ya hapo? Kumbukumbu ya wavuvi ni ushahidi, nami naiheshimu sana, lakini samaki mwenye tarehe na mahali anaweza kupimwa na mtu yeyote, hata na yule asiyetaka kuamini.

Nikupe sasa habari ya samaki mmoja, silakanti, ambaye historia yake ya kuhifadhiwa inafundisha zaidi ya maelezo yangu. Mwezi wa Desemba 1938 meli ya kukokota wavu ilimleta East London, Afrika Kusini, samaki mwenye urefu wa kiasi cha mita moja na nusu ambaye jamii yake ilidhaniwa kuwa imetoweka duniani zamani sana, wakati wa dinosau. Aliyemtambua kuwa si wa kawaida alikuwa Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi kijana wa makumbusho madogo ya mji huo. Hakuwa na chombo cha kumtosha wala fomalini ya kutosha, na alipoomba nafasi katika vyumba vya baridi vya mji alikataliwa. Alimfunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa fomalini kidogo aliyoipata, lakini joto la Desemba kule ni la kiangazi, na mwisho ikabidi samaki achunwe na kujazwa ili angalau ngozi isalimike, na viungo vyote vya ndani vikatupwa. J.L.B. Smith, mtaalamu aliyempa samaki huyo jina la Latimeria chalumnae mwaka 1939, alikuwa na ngozi na fuvu, lakini hakuwa na moyo, matumbo wala matamvua. Ilibidi asubiri miaka 14.

Samaki wa pili alipatikana Desemba 1952 Nzwani, katika visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua na kumwita gombessa. Mvuvi alikwisha kumpeleka sokoni kumwuza, na mwalimu mmoja wa hapo akamtambua kutokana na tangazo la zawadi lililokuwa limesambazwa. Nahodha Eric Hunt, mfanyabiashara aliyekuwa na jahazi huko, alimtia chumvi kwanza kama ambavyo mtu yeyote wa visiwani angefanya, kisha akapata fomalini na kumchoma sindano. Smith alimfuata kwa ndege ya jeshi aliyoazimwa na waziri mkuu wa nchi yake. Samaki alikuwa amepasuliwa na kuharibika kiasi, lakini safari hii viungo vya ndani vilikuwepo, na elimu ya samaki huyu ikaanza upya.

Nasi tunaye wa kwetu. Mwaka 2001 meli ya kukokota wavu, ile ambayo wavuvi wetu huiita trola, ilimpata silakanti nje ya Malindi, jike la mita 1.7 lenye uzito wa kilo 77, wa kwanza kujulikana katika maji ya Kenya, na wanasayansi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakamwandikia taarifa. Miaka michache baadaye wavuvi wa jarife wa Tanga wakaanza kuwapata wengi. Mtu anaweza kusema, kama ulivyosema kuhusu tafi, kwamba baada ya wa 1952 hakukuwa na haja ya mwingine. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliyachukua magamba ya silakanti 27 wa Komoro waliokuwa wamehifadhiwa, wakayatazama kwa mwanga maalumu, na wakaona mistari myembamba ya ukuaji ambayo waliotangulia hawakuiona. Ilikuwa ikidhaniwa samaki huyu huishi miaka 20 hivi. Ikaonekana anakaribia miaka 100, hukomaa akiwa na miaka 50 na zaidi, na mimba yake huchukua kama miaka 5. Wasingeweza kulijua hilo kwa samaki mmoja, kwa kuwa walihitaji wa kila umri, kuanzia vijusi vilivyokuwa tumboni mwa mama hadi wazee. Na jambo hilo si la udadisi tu. Samaki anayechukua nusu karne kuzaa mara ya kwanza hawezi kustahimili nyavu kama tafi anavyostahimili, na anayetunga sheria ya nyavu za kina kirefu anapaswa kulijua.

Kuhusu vinasaba nitasema kwa ufupi. Fomalini inayofunga protini hufunga na kukatakata vinasaba pia, kwa hiyo kuvisoma kutoka kwa samaki aliyepitia humo ni kazi ngumu, ingawa mbinu zinaendelea kuboreshwa. Matumizi yake ya kuhifadhia miili yalianza baada ya daktari Mjerumani Ferdinand Blum kuona mwaka 1893 jinsi inavyokaza nyama. Waliohifadhiwa kabla ya hapo waliwekwa kwenye pombe kali tu, au walikaushwa, na kwa sababu hiyo samaki wa miaka 150 anaweza kuvitoa vinasaba vyake kwa urahisi kuliko wa miaka 50.

Miongoni mwa wa kale kabisa wanaotuhusu ni wale wa Peter Forsskål, aliyekuja Bahari ya Shamu na msafara wa mfalme wa Denmark na kufia Yemen mwaka 1763. Aliwachuna samaki upande mmoja, akakausha nusu hiyo ya ngozi na kuibandika kwenye karatasi kama wanavyofanya wataalamu wa mimea kwa majani. Karatasi hizo ziko Copenhagen hadi leo. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775 baada ya kifo chake, na kwa hayo wamepata majina ya kisayansi samaki wengi ambao baba yako huwavua, akiwemo mwatiko, Chanos chanos, anayefugwa siku hizi katika mabwawa ya pwani, na changu mwenye doa jeusi ubavuni, Lethrinus harak. Mtu akitaka kuhakikisha kwamba changu fulani wa Lamu ndiye kweli aliyekusudiwa na Forsskål, marejeo yake ni ile ngozi yenyewe pale ilipo, maana jina la kisayansi hufungwa kwenye mwili wa samaki mahususi, wala si kwenye maneno peke yake.

Hapo ndipo penye jambo linaloniuma. Robert Lambert Playfair, mwakilishi wa Uingereza Unguja katika miaka ya 1860, alikusanya samaki wa pwani hii na kuandika kitabu juu yao pamoja na Albert Günther wa British Museum, na samaki wale wako London. Wa Msumbiji waliokusanywa na Wilhelm Peters katika miaka ya 1840 wako Berlin. Stoo hizo zinawatunza vizuri, na sitasema vinginevyo. Ile ya London ina viumbe milioni 22 ndani ya chupa, katika rafu zinazofikia urefu wa kilomita 27. Lakini kijana wa Faza anayetaka kumwona samaki aliyetoka katika bahari ya kwao miaka 150 iliyopita asilazimike kuomba viza. Picha zenye ubora wa juu na picha za mionzi zingeweza kuwekwa wazi kwa wote, na baadhi ya makumbusho yameanza kufanya hivyo. Kwa maoni yangu lililo kubwa zaidi ni kwamba mkusanyo wa Nairobi uongezewe samaki wa pwani ya kaskazini, na kwamba wataalamu wake wapewe nafasi na fedha za kufika Kiunga na Kizingitini mara kwa mara.

Wengine huuliza kwa nini mkusanyo wenyewe usiwe hapa Malindi au Lamu. Ningependa sana, lakini spiriti ya asilimia 70 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia nyuzi joto kama 17, na sisi hatushuki huko hata usiku wa kusi. Stoo yake inahitaji ubaridi usiokatika, milango ya kuzuia moto, umeme wa akiba, na mtu wa kuzungukia chupa akiongeza spiriti inayopungua kwa uvukizi. Mwaka 2010 moto uliteketeza mkusanyo mkubwa wa nyoka wa taasisi ya Butantan huko São Paulo, Brazili, uliokuwa umekusanywa kwa karibu miaka 100. Jengo la namna hiyo likijengwa pwani, lijengwe kwa ukamilifu, maana nusu yake ni hatari kuliko kukosa.

Huenda pia umejiuliza kama kuwakusanya kunawamaliza baharini. Kwa tafi na changu, hapana: wengi hununuliwa kwa wavuvi hao hao bandarini, na idadi yao ni ndogo mno ukiilinganisha na ya soko la siku moja. Kwa samaki walio hatarini mambo hubadilika, na mtafiti mwadilifu hatamwua kwa ajili ya chupa. Atachukua kipande kidogo cha pezi na picha, au atamhifadhi yule aliyekwisha kufa wavuni. Mkusanyaji pia hana budi kuwa na kibali cha utafiti.

Mwisho nikwambie mnachoweza kufanya nyinyi. Baba yako akivua samaki asiyemjua, au anayemjua lakini hajawahi kumwona maji ya kwenu, asimtumbue wala kumtia chumvi. Mlazeni kwenye barafu, mpigeni picha upande wa kushoto mkiweka rula kando yake, kisha muandike tarehe, mahali kwa jina ambalo wavuvi wenyewe hulitumia, kina kwa pima, zana na chambo, na jina la samaki kwa Kiamu au Kibajuni kama linajulikana. Majina hayo mara nyingi hayapo katika madaftari ya Nairobi, na yanastahili kuwepo pamoja na jina la mvuvi. Toeni habari kwa kamati yenu ya ufuo, kwa ofisi ya uvuvi, au kwa Makumbusho ya Lamu, ambayo kama yale ya Malindi yako chini ya Makumbusho ya Taifa, nayo yatawafikishia wataalamu. Na kama katika nyumba yenu au ya jirani pananing'inia ule msumeno wa papa upanga, ambaye sasa ni adimu sana kuonekana pwani hii, mwulize mzee wa nyumba ulipatikana wapi, mwaka gani na kwa zana gani, uandike kwa penseli kwenye karatasi ngumu, na uifunge kwenye msumeno huo kwa uzi wa pamba. Msiupake rangi wala vanishi, kwa sababu vinasaba vya samaki huyo bado vimo ndani ya mfupa laini, na huenda siku moja mtu akaja na swali ambalo wewe na mimi hatujalifikiria.